Picha ni Amana

Rafiki yangu alinipigia simu saa nne usiku. Siyo kawaida yake kupiga simu. Yeye ni mtu wa voisi noti, tena ndefu, zenye honi za bodaboda na mtu anayemdai chenji kondakta. Kwa hiyo nilipoona jina lake linawaka kwenye skrini nikajua kuna jambo.

"Kaka, yule mzee wa gitaa amefariki."

Nikatoa pole. Akanyamaza kidogo, halafu akaendelea: "Binti yake kanipigia baada ya maziko. Anaomba video. Siyo ile fupi, anataka zote. Anasema baba aliwaambia tulishinda naye kutwa nzima, kwa hiyo lazima kuna mambo mengi. Sasa nimpe au nisimpe?"

Kidogo nimjibu pale pale kwamba ampe, kuna swali gani hapo? Lakini nikakumbuka kuna mkataba. Nikakumbuka na kitu kingine ambacho sikupenda kukikumbuka usiku ule: maneno yanayosikika kwenye ile video fupi niliyaandika mimi, na nililipwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka na swali ambalo naona halimhusu rafiki yangu peke yake. Ukimpiga mtu picha akifanya kile anachokiweza kuliko vitu vyote duniani, je, unamdai au unadaiwa?

Nimweleze kwanza huyu rafiki. Ni mpiga video wa kujitegemea, yaani dei waka mwenye kamera. Ofisi yake ni begi la mgongoni: kamera moja, lenzi mbili, maiki ya kubana kwenye shati, betri nne na hadidiski mbili zilizofungwa kwa soksi zisigongane. Kinachomlisha ni harusi. Sendofu, kicheni pati, kipaimara na mahafali ya chekechea, hivyo ndivyo vinavyolipa kodi ya chumba. Kinachomfanya aamke asubuhi ni kupiga video za wasanii, na kazi hizo hulipwa kidogo, au hulipwa baada ya miezi mitatu, au mteja anabadilisha namba.

Mwaka huu niliongozana naye kwenye kazi tatu za namna hiyo hapa Dar es Salaam. Nilikuwa mwandishi wa maelezo, kazi ambayo kwa kweli ni kubeba stendi ya kamera na kuandika sentensi kumi jioni.

Ya kwanza ilikuwa ya vijana wa singeli, uswahilini kabisa, kwenye uchochoro ambao gari haliingii. Singeli unaijua: mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, kijana mmoja kwenye kompyuta iliyopasuka kioo, mwingine na maiki, na watoto wa mtaa mzima wakicheza kama wamemwagiwa maji ya moto. Nilidhani tutawakuta vijana wenye haya. Weee! Kabla rafiki yangu hajatoa kamera kwenye begi, mmoja wao aliuliza: "Utaposti wapi? Utatutagi? Na sisi tunataka mafaili yetu." Tulipomaliza hawakutuachia njia mpaka klipu tano zimehamia kwenye simu yao. Rafiki yangu alinung'unika njia nzima kwamba wamemmalizia chaji. Mimi nilijisemea, hawa wamezaliwa na kamera mkononi, wanajua biashara yake.

Ya pili ilikuwa kwa mchoraji wa Tingatinga. Mtindo huo una historia fupi na ya kuhuzunisha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta za madukani, juu ya vipande vya mbao laini za kujengea, akiuza kwa wapita njia kule Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na leo ukishuka uwanja wa ndege wowote wa Afrika Mashariki utakutana na wale chui na ndege wenye macho makubwa, na hujui aliyewachora ni nani. Mchoraji tuliyekwenda kwake alitukaribisha vizuri, akatuagizia soda, kisha akatoa sharti moja: "Piga picha zangu zote utakavyo. Mkono wangu ukichora usipige." Kwa nini? Akasema akionyesha anavyoweka ile rangi ya chini, kabla jua halijazama kuna mtu atakuwa anaiweka hivyo hivyo na kuuza kwa nusu bei. Rafiki yangu akatii. Mteja alilalamika kwamba video haina "kazi yenyewe". Lakini sharti lilikuwa sharti, na lilishikwa.

Angalia basi: vijana walidai chao mlangoni, mchoraji aliweka mpaka. Wote hawa walijua kwamba kamera inachukua kitu. Wa tatu hakujua, au alijua akaona ni aibu kudai mbele ya wageni.

Alikuwa mpiga gitaa wa zamani wa muziki wa dansi. Sitaitaja bendi yake kwa sababu ukiitaja tu kuna watu watamjua, na familia haikuniomba nimtangaze. Nitasema tu kwamba ilikuwa moja ya zile bendi za mashirika. Vijana wengi hawaujui mfumo ule, kwa hiyo nieleze kidogo. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana tunaiita DDC. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lilikuwa na zake. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani. Alipata mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa asubuhi na jioni nchi nzima, na kanda zikabaki Radio Tanzania.

Kwa hiyo mzee alipiga gitaa zaidi ya miaka ishirini na hakuwahi kuwa na gitaa. Bendi ilipokufa, gitaa lilirudi stoo. Hata lile analoonekana nalo kwenye video yetu aliliazima kwa kijana wa kanisani, jirani yake. Alituambia hivyo akicheka, kama mtu anayesimulia kituko cha mwenzake.

Tulifika kwake Magomeni saa tatu asubuhi, tukaondoka giza linaingia. Alitutandikia mkeka barazani. Alimtuma mjukuu chapati mara mbili. Alifungua ile gitaa, akazikaza nyuzi, akamgombeza mjukuu aliyekuwa anazigusagusa, akatueleza gitaa la solo linavyojibizana na la rizimu, na kwa nini kibao cha dansi lazima kiwe na sehemu mbili: ya kwanza watu wakae wasikilize maneno, ya pili waamke wacheze. "Ninyi sasa hivi mnaamka tu," alisema, "hamjasikiliza chochote." Tulicheka sana siku ile.

Kwenye saa tisa hivi akaanza kupiga wimbo mmoja aliotunga mwenyewe. Akafika katikati, vidole vikaanza kutetemeka. Akaanza upya. Vikatetemeka tena, na safari hii maneno nayo yakamtoka. Akakaa na ile gitaa mapajani, anautazama mkono wake wa kushoto kama mkono wa mtu mwingine. Kamera ilikuwa inaendelea kunasa. Halafu akainua macho akamwambia rafiki yangu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Hapo kata, mwanangu."

Rafiki yangu akajibu: "Usijali, mzee."

Unalijua hilo "usijali". Sote tunalitumia. Halina maana ya ndiyo na halina maana ya hapana. Ni neno la kumfanya mtu anyamaze ili kazi iendelee.

Video ilitoka ya dakika mbili na nusu. Mteja, shirika lililokuwa na mradi wake wa utamaduni na wafadhili wake wa nje, aliangalia drafti ya kwanza akasema ni nzuri lakini haina moyo. Akaomba aone na zile zilizobaki. Alipofika pale kwenye mkono akasema, hapa ndipo penyewe. Rafiki yangu alijaribu kusema kwamba mzee aliomba pasitumike. Akaulizwa kama kuna maandishi. Hayakuwepo. Kilichokuwepo ni karatasi iliyosainiwa na mzee asubuhi ile juu ya mkeka, kwa kalamu yangu, inayosema anakubali kupigwa na kutumika "bila masharti". Nikaletewa drafti mpya niandike maneno ya kupita juu ya ule mkono. Nikaandika sentensi moja tamu sana kuhusu vidole vilivyosahau na moyo unaokumbuka. Nakiri niliipenda. Niliisoma kwa sauti nyumbani.

Sasa turudi kwenye swali. Nimeuliza watu wengi, na majibu niliyopata yako ya aina tatu.

Jibu la kwanza ni la karatasi. Mzee alisaini, alipewa posho yake, imeisha. Jibu hili si la kudharau. Sisi waandishi na wapiga picha tungekufa njaa kama kila tuliyemrekodi angekuwa na haki ya kurudi baada ya mwaka na kusema amebadili mawazo. Na sheria ipo. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na lile neno hakishiriki limo kwa sababu walioitunga waliona kwamba anayepiga au kuimba ana chake, siyo mtunzi peke yake. Lakini karatasi inajibu swali la nani atashinda mahakamani. Haijibu swali la kama tulifanya vizuri. Mtu anaweza kukulipa mshahara halali kwa miaka ishirini akakuacha huna gitaa, na kila karatasi ikawa sawa.

Jibu la pili ni la faida: msanii ametangazwa, kwa hiyo amelipwa. Hili ndilo tunalolipenda zaidi kwenye fani yetu, na ubaya wake ni kwamba mara nyingine ni kweli. Wim Wenders alipotoa filamu ya Buena Vista Social Club mwaka 1999, wazee wa Havana waliokuwa wamesahaulika walikuwa tayari wanajaza kumbi za Ulaya na Marekani. Ibrahim Ferrer alikuwa amefikia kung'arisha viatu, na alikufa mwaka 2005 akiwa mwanamuziki anayejulikana dunia nzima. Ukimuuliza Ferrer kama kamera ilimwibia, nadhani angekucheka.

Lakini tunaye na Bi Kidude wetu. Hakuna msanii wa Zanzibar aliyepigwa picha kama yule bibi. Sigara yake, ngoma yake, mikunjo ya uso wake, vimo kwenye kadi za posta, mabango ya matamasha na simu za watalii wasiohesabika. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX. Mwaka 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones juu ya maisha yake. Na miaka yake ya mwisho ikawa ya nini? Ya ugomvi juu yake. Mwaka 2012 zikasambaa habari kwamba ametekwa. Ikaonekana yuko kwa jamaa yake, naye akisema anamkinga na watu wanaomtumia, na wengine wakasema anayemtumia ni huyo huyo. Alifariki Aprili 2013 ugomvi haujapoa, na mwongozaji yule yule akalazimika kurudi na filamu ya pili kuuliza kilichotokea. Sisemi kamera ndiyo iliyoleta yale. Ninachosema ni kwamba umaarufu wa picha haukumjengea ukuta wowote. Kila mtu alimjua, na kujulikana hakukumsaidia kuamua hata akae nyumba gani. Kwa hiyo "umetangazwa" haiwezi kuwa malipo. Ni bahati. Inaweza kuja, inaweza isije, na asiyeidhibiti hawezi kuiandika kwenye risiti.

Jibu la tatu ni la heshima. Nilisoma falsafa kidogo chuo, na kila mtu aliyepita darasa lile anamkumbuka Immanuel Kant na lile agizo lake kwamba usimtumie binadamu kama chombo tu cha kufikia lengo lako. Ni agizo zuri, lakini kwenye kazi zetu linateleza. Hakuna anayejiona anamtumia mtu. Yule mteja aliyesema "hapa ndipo penyewe" alikuwa na machozi machoni, nilimwona. Mimi nilipoandika ile sentensi nilikuwa nampenda mzee. Inawezekana kabisa kumheshimu mtu na kumchukulia kitu chake kwa wakati mmoja. Heshima iliyobaki moyoni mwa mwenye kamera haimfikii aliye mbele ya lenzi.

Nimeishia kwenye neno ambalo sikulipata chuoni, nililikuta nyumbani: amana. Mtu akisafiri, anakuachia mbuzi wake, au hela zake kwenye leso, au mtoto. Hujanunua. Hujapewa. Hujaazima hata, maana hukuomba kwa shida yako. Umeachiwa. Unaweza kuruhusiwa kuitumia, maziwa ya mbuzi ukanywa, lakini kuna mambo matatu huruhusiwi: kuipoteza, kuitumia kinyume na ulivyoambiwa, na kumnyima mwenyewe akija kuiulizia. Akifa, wanawe ndio wenyewe.

Naona picha ya msanii akiwa kazini inakaa humo. Mzee hakutuuzia ile siku yake, posho ile isingenunua hata kamba za gitaa. Wala hakutupa zawadi, maana zawadi huwezi kuiwekea mpaka baadaye, naye aliweka: hapo kata. Alituachia. Na alituachia kwa sababu tulikuja kama wageni. Hii naona ndiyo tofauti kubwa. Ningempiga picha waziri anapokea bahasha chini ya meza, nisingemdai wala kudaiwa. Sikukaribishwa pale, na jambo lile ni la umma. Kwa mzee tulivua viatu. Tulikula chapati zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kamera ni mgeni asiyefika siku ya tatu. Inakula siku ya kwanza, inaondoka na mavuno, na jembe haijawahi kuliona.

Kuna hoja ya kunipinga, na nimepingwa nayo na rafiki yangu mwenyewe. Alisema: "Kaka, ukisema hivyo basi kila video itakuwa ya kusifia. Kila mtu atasema hapo kata. Ule mkono ulikuwa ukweli." Ni hoja nzito. Uzee ni ukweli, ugonjwa ni ukweli, na nchi inayoacha wapiga magitaa wake wazeeke bila magitaa inastahili kuuona ule mkono ukitetemeka. Nisingependa wasanii wawe wahariri wetu. Lakini nikamuuliza: ukweli wa nani? Tungeweza kuzungumza naye. Tungeweza kukaa wiki moja tukarudi na ndizi mkononi, tukamwambia, mzee, pale ulipoomba tukate sisi tunaona pana maana, kwa sababu hii na hii, unaonaje? Pengine angekubali. Wazee wale si watoto, wamesimama majukwaani mbele ya maelfu. Sisi hatukumnyima nafasi ya kukataa tu, tulimnyima na nafasi ya kukubali. Ukweli uliochukuliwa kwa "usijali" unabaki kuwa ukweli, lakini ni wa wizi, na ukweli wa wizi hata ukiupamba kwa sentensi tamu unanuka.

Upo mfano wa kurudisha ambao huwa naukumbuka. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki aliyekuwa na makao Afrika Kusini, alipita kwa Wakipsigis wa Kenya akawarekodi. Humo ulikuwemo wimbo wa wasichana wakimwimba Chemirocha, ambaye kumbe ni mwimbaji wa Kimarekani Jimmie Rodgers aliyewafikia kupitia santuri, jina likapinda ulimini mwao. Wimbo ule ukazunguka dunia. Wazungu wakaupenda, wakauandikia insha. Waliouimba hawakuwa nao. Miaka sitini na mitano baadaye, watu wa maktaba ya Tracey wakishirikiana na wenzao wa Nairobi wakaurudisha kijijini, wakatafuta nyumba kwa nyumba waliokuwepo au watoto wao, wakawakabidhi rekodi. Wapo waliosema ni kidogo mno na wamechelewa mno. Nakubaliana nao. Lakini tazama walichokifanya kwa maana ya amana: hawakuipoteza, na waliirudisha. Mambo mawili kati ya matatu. Sisi, wenye wasapu na flashi za elfu kumi na tano, tunashindwa kufika hata hapo, wakati mwenye mali anakaa Magomeni.

Kwa hiyo rafiki yangu alifanya nini? Alianza kwa njia ya halali. Aliandika barua pepe kwa mteja, maana mkataba unasema kila kilichopigwa siku ile, kilichotumika na kisichotumika, ni mali yao. Kimya. Akaandika tena. Akajibiwa kwamba ombi lake limepelekwa kwa wahusika. Arobaini ya mzee ikawa imebaki siku nne. Akanipigia tena, na safari hii hakuniuliza. Alinijulisha: "Nimeshahamisha kwenye flashi. Twende wote."

Je, ni wizi? Kwenye karatasi, ndiyo. Na nisingependa kuupunguza uzito, kwa sababu mtu anayeishi kwa mikataba akianza kuchagua ipi aivunje, kesho hatapata kazi. Alijua hivyo. Alisema kama wakimfungia, atarudi kwenye sendofu, bwana harusi hawaishi. Lakini ukikubali kwamba ile siku ilikuwa amana, basi mteja naye hakuweza kununua kwetu kitu ambacho sisi wenyewe tuliachiwa tu. Mkataba wetu naye ulihusu kazi yetu. Haukuweza kuhusu mzee zaidi ya mzee mwenyewe alivyoruhusu.

Tulifika siku ya kisomo baada ya watu kupungua. Tukasalimia, shikamoo kwa kina mama waliokuwa uani na masufuria. Binti wa marehemu akatupeleka sebuleni, akachomeka flashi kwenye runinga. Mama yake, mjane, akaletwa akakalishwa kwenye kochi. Saa nne na dakika kadhaa za video. Nilidhani wataruka mpaka kwenye nyimbo.

Hawakuruka. Walitulia pale anapokaza nyuzi. Walirudisha mara nne pale anapomgombeza mjukuu. Mjukuu mwenyewe alikuwepo, amejificha nyuma ya mlango, anacheka na kulia pamoja. Walirudisha pale anapomwita mke wake kutoka ndani, jina tu, kwa ile sauti ya mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Yule mama alisema, "Rudisha tena aniite." Ikarudishwa. Vipande vyote hivyo kwa rafiki yangu vilikuwa kwenye folda aliyoiita "takataka".

Video ilipokaribia saa tisa, pale kwenye mkono, binti akachukua rimoti akapaharakisha. Akatuambia bila kututazama: "Hapa tunapajua. Baba alikuwa anaficha. Alikuwa anakaa na mikono mfukoni hata sisi tusione. Tulipaona kwenye simu, kwenye grupu la mtaa. Na yeye alijua kwamba tumeona." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kukaa.

Nilitaka kuomba radhi na nikaomba, kwa maneno ambayo sikuyaandika kabla. Mama akajibu kwamba kazi ni kazi, Mungu amlaze pema, tule. Tukala pilau.

Sijui kama tulisamehewa au tulikaribishwa tu, maana kwa watu wale mambo hayo mawili hufanana kwa nje. Ninachojua ni kilichobadilika. Rafiki yangu bado hana wakili wala karatasi bora zaidi, na mteja yule hajampa kazi nyingine. Ila wiki iliyopita tulikuwa kwa mama mmoja mpiga ngoma, kule Mbagala. Katikati ya maongezi yule mama akasema jambo la nyumbani kwake, akashtuka, akaziba mdomo: "Jamani, hiyo msiiweke."

Rafiki yangu alizima kamera. Akaigeuza ile skrini ndogo kumwelekea, akamwita asogee.

"Njoo uone, mama. Ni hii hapa? Bonyeza mwenyewe."